42WLA haimaanishi 1942: namba za pikipiki za vita zinavyosomwa

Rafiki yangu mmoja anayeishi Uholanzi alinitumia picha saa nne usiku, bila hata salamu. Kipande cha aluminiamu kilichofubaa, masizi ya mafuta ya zamani pembeni, na katikati herufi na tarakimu zilizogongwa: 42WLA, kisha tarakimu tano. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni Harley-Davidson ya jeshi la Marekani, ya mwaka 1942, "namba zote zinalingana". Bei aliyotajiwa ingetosha kufungua kijiwe kizima cha bodaboda. Swali lenyewe likaja baada ya picha: "Ni ya 42 kweli?"

Nilimjibu kwamba injini inaweza kuwa ya 42, ya 43, ya 44 au ya 45, na kwamba fremu siwezi kuisemea kitu kwa sababu haina namba. Akadhani namtania.

Simlaumu. Sisi tumelelewa na kadi ya pikipiki. Ukinunua pikipiki iliyotumika, unachuchumaa na kadi mkononi, unasoma namba ya injini, unasoma namba ya chesisi kwenye shingo karibu na usukani, zikiwa sawa na zilizoandikwa unatoa hela. Zikitofautiana, unanyanyuka na kwenda zako. Utaratibu huo ni mzuri kwa pikipiki za leo. Ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayosomeka kwa mpango mmoja dunia nzima ilikuja kukaa sawa mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kiligonga kilichotaka, mahali kilipotaka, kwa sababu zake chenyewe. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, sababu hizo zilikuwa za jeshi: mkataba uishe, mzigo uondoke, spea ziingiliane. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mnunuzi wa miaka 80 baadaye.

Nianze na hiyo Harley, maana ndiyo inayowachanganya wengi.

WLA ni pikipiki ya injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa inchi za ujazo 45, yaani karibu cc 740, valvu zake zikiwa ubavuni mwa silinda na si juu. W ni familia ya injini, L ni ile yenye mgandamizo mkubwa zaidi, A ni jeshi. Ilitengenezwa Milwaukee kuanzia 1940, na ukihesabu pamoja na spea zilizotosha kujenga pikipiki nyingine, idadi inakaribia 90,000. Takriban 30,000 kati ya hizo zilipelekwa Umoja wa Kisovieti kama msaada wa vita, ndiyo maana hadi leo nyingine huibuka upande ule wa Ulaya.

Sasa, namba. Harley-Davidson ya wakati huo iligongwa namba mahali pamoja tu: upande wa kushoto wa injini, kwenye kijukwaa kidogo cha kasha la krenki, lile tumbo la chini linaloshika krenki shafti. Fremu haikugongwa kitu. Hali ilibaki hivyo mpaka pikipiki za mwaka 1970. Kwa hiyo anayesema namba ya injini na ya fremu ya WLA "zinalingana" ama hajui anachouza, ama anajua sana. Ukikuta namba kwenye fremu yake, jua ni mkono wa baadaye: idara ya usajili ya nchi fulani iliyodai lazima iwepo, au fundi aliyetaka kuridhisha karatasi. Si lazima uwe wizi. Ila si kiwanda.

Tarakimu mbili za mwanzo zina hadithi yake. Kwa kawaida zilikuwa mwaka wa modeli, hivyo 41WLA ni modeli ya 1941. Halafu tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani wakashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani mzima mzima, na kiwanda kikaacha kubadilisha modeli kila mwaka. WLA zote zilizotoka baada ya hapo zikagongwa 42, hata iliyotoka 1944 na 1945. Kwa hiyo 42WLA ni jina la toleo zaidi kuliko tarehe. Ukitaka mwaka wenyewe, unautafuta katika mfuatano wa tarakimu za mbele yake na katika vipuri, kama nitakavyoeleza. Zile za jeshi la Kanada, zenye alama WLC, hazikufuata mkumbo huo; nyingi za 1943 ziligongwa 43WLC. Na usishangae ukikutana na WLA isiyo ya vita hii kabisa: kiwanda kilirudia kuzitengeneza kati ya 1949 na 1952, karibu na wakati wa vita vya Korea.

Kuna namba nyingine kwenye Harley ambayo muuzaji mara nyingi hakuonyeshi, na mnunuzi mgeni hajui aiulize. Kasha la krenki ni vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vinavyobanwa kwa bolti. Vilitobolewa na kusawazishwa pamoja kiwandani, na ili visije vikapotezana, kila kimoja kiligongwa namba chini ya tumbo. Namba hiyo haifanani na ile ya ubavuni, na haikukusudiwa kufanana. Kinachotakiwa ni kipande cha kushoto kifanane na cha kulia. Vikitofautiana, injini imewahi kuvunjika na kuunganishwa na nusu ya injini nyingine. Upande mmoja ukiwa mtupu, ile nusu ilinunuliwa kama spea, kwa kuwa makasha ya spea yalitoka bila namba.

Kuiona ni kazi. WLA ina bamba nene la chuma chini ya injini, la kuikinga na mawe, na tope la miaka mingi hujazana humo na kukauka kama saruji. Lazima ulale chini, ufungue bamba, ukwangue kwa kijiti cha mbao, upige brashi na mafuta ya taa, kisha uelekeze tochi kwa upande. Si kwa kulenga moja kwa moja. Mwanga ukija kwa ubavu, kila alama ya nyundo hutupa kivuli chake na tarakimu husimama.

Ukivuka bahari kwenda Uingereza, mambo yanageuka chini juu. Huko namba ya fremu ndiyo pikipiki, kwa maana ya kisheria. Injini ni kiungo tu. Hapa ndipo watu wa Harley wanapopotea wakinunua BSA, na watu wa BSA wanapopotea wakinunua Harley.

BSA M20 ndiyo iliyokuwa punda wa jeshi la Uingereza. Silinda moja, cc 496, valvu za ubavuni, nzito, polepole, haijui kukataa. Zilitengenezwa takriban 126,000, kiwandani Small Heath, Birmingham, kiwanda ambacho kilipigwa mabomu Novemba 1940 na kuua wafanyakazi 53 usiku mmoja, na bado kikaendelea. Tarishi wa jeshi aliyebeba ujumbe kati ya vikosi, askari wa usalama barabarani aliyeongoza misafara ya malori, wote walipanda hizi.

Namba za M20 zina herufi mbele. Mwaka 1939 ilikuwa K, hivyo KM20. Vita vilipoanza ikawa W, na WM20 ikabaki hivyo muda wote wa vita. Baada ya vita zikaja X, Y na Z. Kwa hiyo herufi peke yake inakuambia kitu kimoja cha maana: kama kipande hicho kiliundwa kwa ajili ya vita au baada yake. Mwaka hasa, kati ya 1940 na 1945, hauko kwenye herufi. Uko kwenye tarakimu, na tarakimu hizo ni lazima zilinganishwe na daftari za kiwanda, ambazo nyingi zimehifadhiwa na vyama vya wapenzi wa pikipiki za zamani huko Uingereza.

Na hili nalisema taratibu kwa sababu ndilo linalopoteza hela nyingi: BSA ya vita haikutoka kiwandani ikiwa na namba moja kwenye injini na fremu. Fremu zilikuwa na mfuatano wao, injini wake. Zote zinaanza na WM20, lakini tarakimu zinazofuata ni tofauti, na wakati mwingine zimeachana kwa maelfu. Ukikuta M20 ambayo injini inasoma WM20 ikifuatwa na tarakimu tano, na fremu inasoma WM20 ikifuatwa na tarakimu zile zile tano, usifurahi. Mtu amekaa gerejini akaigonga ili ikufurahishe.

Tena injini ya BSA ina namba nyingine zilizoinuka, kama 66 ikifuatwa na kistari na tarakimu. Hizo zilitoka kwenye kalibu, wakati wa kusubu, na ni namba za kipuri, zinafanana kwenye maelfu ya injini. Nimewahi kuona tangazo la kuuza lililoandika namba ya kipuri kama namba ya injini, na mnunuzi akakubali. Kanuni rahisi: namba ya utambulisho imegongwa ndani ya chuma, namba ya kipuri imevimba nje. Pitisha ukucha.

Matchless G3 na mdogo wake G3/L ni rahisi zaidi, angalau kwa injini. Hizi za cc 347, valvu juu, zilitengenezwa Plumstead, London, karibu 80,000 kwa jumla, na matarishi wengi walizipenda kuliko M20 kwa wepesi wake. Kwenye kasha la krenki utasoma kitu kama 42/G3L, kisha tarakimu. Hapo 42 ni mwaka kweli. Fremu ina tarakimu tupu, bila modeli wala mwaka, zimegongwa karibu na tandiko. Kuna njia ya kuitambua G3/L hata kabla hujachuchumaa: tangu 1941 ilitumia shokapu za mbele za mabomba mawili yenye mafuta ndani, kama za pikipiki za leo, wakati G3 ya kwanza na pikipiki nyingine nyingi za jeshi zilikuwa bado na zile za mikono ya chuma na springi katikati. Ukiambiwa ni G3/L na unaona springi shingoni, maneno hayana haja ya kuendelea.

Indian 741, ya Marekani lakini iliyopelekwa kwa wingi katika majeshi ya Uingereza na washirika wake, ina herufi GDA mbele ya namba ya injini na namba tofauti kwenye fremu. Hiyo naitaja tu ili isikuchanganye.

Sasa niende kwenye jambo ambalo mara zote hunitoa jasho kulieleza: kwamba pikipiki halisi kabisa ya vita, isiyo na ujanja wowote, kwa kawaida ina namba zisizoendana.

Jeshi halikutunza pikipiki kama mwenye bodaboda anavyotunza yake. Pikipiki ikifa jangwani Libya, haikusubiriwa. Iliburutwa hadi karakana, ikavuliwa. Injini ikaenda kwenye rundo la injini za kutengenezwa, fremu kwenye rundo la fremu za kunyooshwa, magurudumu kwenye rundo la magurudumu. Mafundi wa jeshi, ambao Waingereza waliwaundia kikosi chao maalumu mwaka 1942, walichukua fremu iliyo tayari na injini iliyo tayari na kuziunganisha bila kuuliza kama zilizaliwa pamoja. Karakana kubwa zilipiga kibati kidogo kuonyesha kazi imefanyika. Pikipiki iliyopitia mikono hiyo mara mbili au tatu ni kama meli ya mbao iliyobadilishwa mbao moja moja. Kwa hiyo namba ya injini inakuambia habari za injini. Namba ya fremu, habari za fremu. Swali la "pikipiki hii ni ya mwaka gani" linaweza kuwa na majibu matatu, yote ya kweli.

Ndiyo maana wajuzi hutafuta namba ya tatu, na hiyo haikugongwa, ilipakwa rangi. Kila chombo cha jeshi la Uingereza kilipewa namba ya sensa, na kwa pikipiki ilianza na herufi C, ikifuatwa na tarakimu, mara nyingi saba, zikaandikwa pande zote mbili za tangi. Wamarekani walitumia namba ya usajili ambayo kwa pikipiki ilianza na 6. Namba ya sensa haikubadilika kila injini ilipobadilishwa, kwa sababu jeshi lilihesabu chombo, halikuhesabu chuma. Kila mkataba kati ya serikali na kiwanda ulikuwa na fungu lake la namba za sensa, na fungu lake la namba za fremu. Ukiipata moja, unajua nyingine inatakiwa iangukie wapi.

Tatizo ni kwamba rangi hufunikwa na rangi. Pikipiki za Waingereza zilianza vita zikiwa kijani cha kaki, kuanzia 1942 hivi zikapakwa kahawia, na 1944 zikahamia kijani cha zeituni ili zifanane na za Wamarekani. Baada ya vita zikauzwa kwa raia, nao wakapaka nyeusi, au maruni, au bluu ya baiskeli. Tangi moja linaweza kuwa na tabaka sita.

Kazi ya kuyafukua inataka subira ya mtu anayechambua mchele. Unachukua msasa laini kabisa, ule wa namba 1000 au zaidi, unauloweka, unaweka tone la sabuni, na unasugua kwa mviringo mahali padogo ubavuni mwa tangi, pale namba inapotarajiwa. Unasugua kidogo, unafuta, unatazama. Nyeusi inakwisha, inakuja nyekundu ya msingi, kisha zeituni. Hapo unapunguza mkono. Ghafla kwenye zeituni panatokea weupe mwembamba kama uzi: mguu wa 4, au tumbo la C. Ukisugua mara tatu zaidi umeufuta milele, kwa hiyo unasimama, unapiga picha, ndipo unaendelea. Niliwahi kumtazama mzee mmoja akifanya hivyo mchana kutwa kwa tarakimu saba. Alipomaliza tangi lilikuwa na madoa kama ramani ya visiwa, na hakulipaka rangi tena. Nadhani alifanya vizuri.

Vipuri vyenyewe navyo husema mwaka, ukivisikiliza. Februari 1942 Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani, na mashamba ya mpira ya Malaya yakaenda nayo. Uingereza ikabana mpira kwa ajili ya magurudumu. Kwenye pikipiki zilizofuata utaona vishikio vya usukani vimefunikwa turubai badala ya mpira, vikanyagio vya chuma kitupu, na zile pedi za magoti kwenye tangi zimeondolewa. M20 zilizokwenda kwenye vumbi la jangwani zilifungwa kichujio kikubwa cha hewa juu ya tangi, na tangi lenyewe likakatwa nafasi ya kukipitishia bomba. Kwenye WLA, taa kubwa ya mbele ilikuwa juu na honi chini. Baadaye zikabadilishana, taa ikashuka hadi kwenye madigadi na honi ikapanda. Kichujio cha hewa cha mwanzo kilikuwa cha mviringo, cha baadaye cha pembe nne. Hakuna kimojawapo kinachotosha kama ushahidi, kwa sababu vyote hufungwa kwa bolti na bolti hufunguka. Lakini injini ya mwanzo wa mfuatano, yenye taa ya chini na kichujio cha pembe nne, inastahili swali moja la ziada kwa muuzaji.

Halafu kuna suala la mkono uliogonga. Wahuni wapo kila mahali, Birmingham na Kariakoo, na namba ya injini hufutwa kwa tupa kule kama inavyofutwa huku. Kinachowaumbua ni uso wa chuma. Kijukwaa cha namba kwenye kasha la Harley kina ngozi yake ya kusubuwa, punje punje kama ganda la chungwa. Kikiwa laini na kinang'aa, na chuma kinachokizunguka bado kina punje, kuna kitu kimeondolewa hapo. Angalia pia kama kijukwaa kimekuwa chembamba kuliko inavyotakiwa. Angalia maumbo ya tarakimu: kiwanda kilikuwa na seti zake za mihuri ya chuma, na 3 yake, 4 yake na 7 yake zina sura zinazojulikana. Seti za kisasa zinazouzwa madukani zina sura nyingine. Watu wengi pia hudhani mstari ulionyooka sana ni dalili njema. Kwa vita ni kinyume. Mfanyakazi wa zamu ya usiku alishika muhuri kwa mkono wa kushoto na nyundo kwa wa kulia, tarakimu moja baada ya nyingine, na tarakimu ya tatu mara nyingi ilikaa upande.

Namba iliyofutwa haipotei yote. Muhuri ukigongwa, chuma kilicho chini yake hubanwa na kubadilika tabia, kwa kina zaidi ya kile kinachoonekana. Wataalamu wa maabara za polisi husafisha uso, wanapaka asidi maalumu, na chuma kilichobanwa huliwa kwa kasi tofauti na jirani yake. Kwa dakika chache namba ya zamani hurudi kama kivuli. Usijaribu jikoni.

Za Kijerumani nazitaja kwa tahadhari, kwa sababu bei zake zimepanda mno na ujanja umepanda nazo. BMW R75 na Zündapp KS750 ni pikipiki za kigari cha ubavuni, za karibu cc 750, na uzuri wao ni kwamba gurudumu la kigari nalo husukumwa na injini. Zina gia za kupandia mlima na gia ya kurudi nyuma. R75 zilitengenezwa zaidi ya 16,000, KS750 zaidi ya 18,000, nyingi zikaishia Urusi na Afrika Kaskazini. Zina namba kwenye injini na kwenye fremu, na pia kibati cha chuma kilichopigwa ribiti chenye jina la kiwanda na mwaka. Kibati ndicho cha kwanza ambacho mnunuzi hukitazama na ndicho ambacho hakistahili kutazamwa hata kidogo, kwani vipya vinatengenezwa na kuuzwa wazi, na kukibandika ni ribiti nne.

Mtego mkubwa uko kwingine. Wasovieti waliinakili BMW nyingine ya kabla ya vita, R71, wakaiita M-72, wakaanza kuitengeneza 1941 na kuendelea miaka mingi baadaye. Wachina nao wakaichukua M-72 wakaifanya Chang Jiang 750. Kwa macho ya mgeni zote ni ndugu mapacha. Basi mtu hununua Chang Jiang, anaipaka rangi ya kijivu, anaipa kibati, na "BMW ya vita" imezaliwa. Kabla ya kusoma namba yoyote, tazama vichwa vya silinda. R71 na M-72 zina valvu za ubavuni, kwa hiyo vichwa vyake ni bapa. R75 ina valvu juu, na vichwa vyake vina vifuniko vilivyotuna. Kisha inama utazame kama kuna shafti inayokwenda kwenye gurudumu la kigari. Ukiambiwa ni R75 na vichwa ni bapa, namba imekuwa haina kazi. (Wamarekani nao waliinakili BMW, tusiwaonee Warusi peke yao: Harley-Davidson XA, zilizotengenezwa karibu 1,000 tu, ni ya ukoo huo huo.)

Karatasi nazo zina mtego wake. Baada ya 1945 majeshi yaliuza pikipiki kwa maelfu, na raia aliyenunua alisajili kwa tarehe ya siku ile. M20 iliyotoka Small Heath 1941, ikazunguka vita vyote, ikauzwa 1948, itakuwa na karatasi ya 1948, na mjukuu aliyeirithi ataapa kwamba ni ya 1948. Si mwongo. Anasoma siku pikipiki ilipovua magwanda.

Rafiki yangu alirudi kwa muuzaji Jumamosi, na safari hii alibeba turubai la kulalia, tochi, na chupa ya mafuta ya taa. Alinipigia simu ya video akiwa chini ya injini, sauti ikitoka kama ya mtu aliyeingia kisimani. Muuzaji alikuwa amekataa kwanza bamba lisifunguliwe, kisha akakubali. Namba ya ubavuni ilikuwa safi, ngozi ya kijukwaa ina punje zake, tarakimu ya pili imekaa upande kidogo. Chini ya tumbo, nusu ya kushoto ilikuwa na namba inayosomeka vizuri. Nusu ya kulia ilikuwa tupu, laini, haijawahi kugongwa kitu.

"Kwa hiyo ni feki?" akauliza.

Nikamwambia si feki. Ni injini iliyopasuka upande mmoja, ikapewa nusu ya spea, ikaendelea na kazi. Alichopaswa kukataa ni yale maneno "namba zote zinalingana", na bei iliyobebwa na maneno hayo. Alishuka chini kwa theluthi moja, muuzaji akanuna, wakamalizana kwa robo. Jioni alinitumia picha nyingine, ya shingo ya fremu, kaisafisha mpaka inang'aa. "Huku hakuna namba kabisa," ameandika.

Ndivyo inavyotakiwa.